Moto Ikuje Mbio

Mama amerudi kutoka soko la Kadutu na ndizi mbivu, za manjano tupu, hazina doa hata moja. Nimekula moja nikiwa nimesimama jikoni, halafu nikala ya pili polepole, nikitafuta kitu. Hakuna. Tamu ni tamu, lakini haina moshi. Mama akaniuliza natafuta nini mdomoni, nikacheka tu. Mimi si mtu wa kueleza mambo kwa sauti. Ndiyo maana naandika, na wewe unayesoma nakuhesabu rafiki wa siku nyingi, kwa hiyo sitakuficha kitu.

Ndizi za utotoni mwangu zilikuwa na moshi. Kidogo tu, kwenye ganda, ukimenya unabaki kwenye vidole. Zilitoka kijiji cha Miti, kwa koko, mama yake mama, ambako nilipelekwa kila vakansi kubwa, shule zikifungwa. Shamba lake halikuwa kubwa: migomba, maparachichi machache, na mimaracuja, mipasheni ya kwetu, iliyotambaa juu ya ua na kudondosha matunda upande wa jirani. Asubuhi kulikuwa na baridi, ukungu ukikaa katikati ya migomba kana kwamba nao umekuja likizo. Ulisikia majani yakipigana, na magari ya kwenda Kavumu yakinguruma barabarani.

Kazi yangu ilikuwa kuokota vya kuwasha: majani makavu ya mgomba, maganda ya maharage, samadi ya ng'ombe iliyokauka mpaka imekuwa nyepesi kama mkate mkavu. Basi. Shamba zima la koko liliendeshwa na hivyo. Kuni hazikuruhusiwa kusogea karibu na ndizi. "Kuni ni ya chakula," alisema, "ndizi inataka joto, haitaki kuungua."

Labda hujawahi kuona shimo la kuivishia, basi nikueleze. Koko alichimba shimo katikati ya migomba, akalitandika majani makavu, akapanga ndizi mbichi ndani, akafunika kwa majani mabichi, kisha udongo. Pembeni alichimba kishimo kidogo chenye mfereji unaoingia kwenye shimo kubwa. Humo ndimo moto ulimokaa, ukifuka moshi tu, na joto likatembea chini kwa chini mpaka kwenye ndizi. Alikuwa na neno lake juu ya moto huo: "Usicheke." Maana yake usitoe ndimi. Ukiona unacheka, unautupia udongo kidogo, unanyamaza.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule mama mdogo, kitinda mimba wa koko, alipokuwa anatolewa mahari. Wageni wangekuja Jumamosi, na kwa koko mgeni wa mahari hapewi soda. Anapewa kasiksi, pombe ya ndizi, iliyokamuliwa nyumbani kwa bibi harusi. Wiki moja kabla, shimo lilikuwa tayari, ndizi ndani, bado kufunika na kuwasha. Lisipowaka siku hiyo, ndizi zingebaki ngumu, hakuna cha kukamua, na kasiksi nayo inahitaji siku zake za kuchacha. Koko alikuwa amekwisha sema mbele ya watu: "Bageni bakikunywa maji kwangu, mi nahama Miti."

Sasa usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, paa la jiko likavuja. Makaa aliyoyafukia kwenye majivu yalikufa, kiberiti nacho kililowa kikawa uji. Na mawingu yalikuwa yanashuka tena. Koko akanishika bega.

"Kimbia kwa jirani. Sema moto ikuje mbio, mbele mvula ianze."

Nilikimbia. Lakini kumbuka mimi ni mtoto wa Bukavu. Kwetu moto ni wa jikoni, na moto pia ni pikipiki, na zote tunasema "iko", "ikuje", hakuna kinachozitenganisha. Koko alikuwa na majirani wawili: mama mmoja wa ng'ambo ya migomba, ambaye jiko lake lilifuka moshi kutwa, na kijana wa kando ya barabara, motari, mwenye pikipiki nyekundu. Mimi nikasikia "moto ikuje mbio" nikaona pikipiki nyekundu. Sikufikiri hata kidogo.

Nilimkuta anaosha magurudumu. Nikasema nikitazama miguu yangu, "Koko anasema moto ikuje mbio."

"Kuko mugonjwa?"

Aibu ilinibana, sikujibu. Yeye akaona kimya changu ndicho jibu. Akanipandisha, akaruka na pikipiki kwenye kijia cha migomba, majani yakitupiga usoni. Niseme kweli: nilikuwa na furaha ambayo sijui niipime kwa nini.

Koko alikuwa amesimama na ungo wa kupepea mkononi, anangoja kaa la moto.

"Mugonjwa iko wapi?" motari akauliza, hajazima hata injini.

"Mugonjwa gani? Nilituma moto!"

"Njo hii, koko," akasema, akigonga tanki la pikipiki.

Koko akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akaitazama tena pikipiki. "Eh Yezu wangu! Nitie hii mu shimo? Mutoto wa Bukavu weye, utaniua."

Motari akacheka mpaka akakaa chini. Koko hakucheka. Akaniambia nikimbie sasa kwa yule mama wa ng'ambo, lakini motari akanizuia: alikuwa amempita njiani anakwenda sokoni, jiko amelifunga. Ngurumo ikapita juu yetu. Koko akaweka ungo chini, akatazama mawingu.

"Ngoja," motari akasema. "Hata hii moto yangu iko na moto ndani."

Akalowesha kitambaa kwa tone la esansi, petroli ya tanki, akakifunga kwenye kijiti, akafunga tanki vizuri. Akachomoa buji, ile plagi ya kutoa cheche, akaiacha imeshikwa na waya wake, akailaza kwenye chuma cha injini. Kitambaa akakisogeza, akapiga kiki. Cheche ya buluu. Akapiga tena, na kitambaa kikashika.

Akataka kukipeleka moja kwa moja shimoni. Koko akapiga kelele. "Toa kule! Bageni bakunywe esansi?" Akachukua kigae cha chungu, akaweka samadi, akaiwasha mbali na ndizi, akachuchumaa. Akanusa. Akangoja. Akanusa tena.

"Koko, mvula!"

"Mvula iko na pua? Mi njo niko na pua."

Tone la kwanza likagonga jani. La pili. Nilijua ni mimi niliyeleta pikipiki badala ya kaa. Koko akavuta pumzi moja ndefu juu ya kigae, akasema, "Sasa harufu ni ya ng'ombe," akamimina makaa kwenye kishimo. Tukafunika sisi watatu kwa mikono, motari na jaketi lake zuri, udongo mpaka viwikoni. Moshi ukaingia ndani ukiwa na adabu. Likishafunikwa, mvua inyeshe inavyotaka, na ilinyesha kweli.

Jumamosi, kasiksi ikiwa imekwisha chacha, ua ulijaa watu. Mzee wa upande wa bwana harusi akapewa kibuyu cha kwanza. Akanywa, akafumba macho. Nilimwona koko ameshika ukingo wa kitenge chake.

"Maman," mzee akasema, "hii kasiksi inapanda kichwa mbio hivi, imekuja na nini?"

"Imekuja na moto, papa!" motari akapaza sauti kutoka nyuma. Koko ndipo akacheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi, na wageni wakacheka naye bila kujua wanachekea nini.

Vakansi iliyopita nilikwenda tena Miti. Lori linanunua ndizi mbichi kando ya barabara, zinakwenda kuivishwa kusikojulikana. Shimo limefukiwa na kuoteshwa maracuja. Juu ya paa kuna sahani ndogo ya kunasa jua, na koko, mzee sasa, huchaji simu za majirani. Hajutii, anapenda kuwasikia wakigonga mlango. "Ila kiberiti," aliniambia, "kila mutu iko na yake mufukoni. Hakuna mwenye anaomba tena moto."

Mimi ningeweza kulichimba shimo lile kesho, nipange ndizi, nizuie moto usicheke. Mikono yangu inajua, na pua pia. Ila tangu siku ile hakuna mtu aliyenituma kuomba moto, na sasa nimeshakuwa mkubwa wa kutotumwa.