Saa Moja Angani na Mama Mkwe

Fundi makochi wa mtaani kwetu si msemaji. Mteja akiuliza bei, yeye huonyesha vidole. Mkewe alipomwomba amsindikize mama mkwe, mama asiyeishiwa maneno, kwa daktari wa macho, mji mwingine kabisa, aliuliza, "Kwa basi ni mwendo wa saa ngapi?"

"Kutwa nzima. Kilometa mia sita hizo."

"Na ndege?"

"Saa moja tu."

Fundi akauza cherehani yake ya akiba, akakata tiketi mbili za kwenda. Mkewe akawatambia majirani kwamba mumewe anampenda mama mkwe wake kupita kiasi.

Ndege ilipoinuka, mama mkwe alimng'ang'ania mkono kwa woga. Ili ajisahaulishe, akaanza kumsimulia habari za wanaume waliotaka kumwoa. Fundi aliitikia kwa kichwa. Wakatua hadithi ikiwa imefika kwa mchumba wa pili, fundi baiskeli.

"Ndege haifai, mwanangu," mama alisema wakishuka ngazi. "Mtu hamalizi hata neno. Kurudi tupande basi."

"Sawa, mama." Walipofika kwenye mizigo, fundi akamgeukia. "Huyo wa baiskeli, kwani ulimkatalia nini?"

"Nitakwambia kwenye basi."