Siku Tulipoitikia Ngoma ya Saidi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Hebu punguza hiyo redio. Tangu asubuhi mnanipigia kelele hapa kibarazani na habari za huyo mchezaji aliyeachana na timu yake: mara anakuja kwetu, mara kaonekana Mtwara, mara kala wali kwa fulani, mara jezi yake imeshashonwa. Na yule kijana wenu anayewachezea kila wiki hata akiwa na homa, mmeshamwita gogo. Nimesikia. Masikio yangu ni mazee lakini hayajafa. Kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usinizibie mwanga.

Nilikuwa mwali, nimetoka unyagoni msimu uleule. Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na akida wake alikuwa mtu wa pwani asiyejua mila zetu hata kidogo. Kijiji chetu kilikuwa huku juu mlimani, ukitoka Newala kuelekea Chiwata. Nyinyi mnaofungua bomba maji yakatoka hamjui shida ya mlima huu. Juu hapa hapakuwa na mto wala kisima. Maji yalikuwa bondeni, na sisi wanawake tulishuka na mitungi alfajiri, tukarudi jua limeshatuchoma utosi. Kwa hiyo mtu wa mlimani akitaka kukusifu sifa ya mwisho, alikuita maji. Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Mpira wetu sisi ulikuwa ngoma. Baada ya mavuno vijiji vilishindana, na watu walishabikia mpaka mke na mume wakanuniana. Upande wa Newala walikuwa na mpigaji mmoja wa msondo, ile ngoma ndefu, aitwaye Chilumba. Akiupiga, hata vikongwe walitupa mikongojo. Jina lake la ngoma lilikuwa Majimengi. Kila mwaka walitushinda kwa ajili yake, na kila mwaka tulirudi nyumbani vichwa chini, tukimlaumu mpigaji wetu.

Mpigaji wetu alikuwa Saidi, kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa mpole, haba wa maneno. Alikuwa akipiga, sisi tunacheza huku tunapiga soga, hata kiitikio tunakiitikia nusu, kwa uvivu tu. Saidi si alikuwepo siku zote? Nani anashangilia kitu alichokizoea?

Basi mwaka ule Chilumba akagombana na mkubwa wa ngoma yao, akaubwaga msondo chini na kuondoka. Eee! Habari hiyo ilipopanda kwetu, watu hawakulala. Chilumba hana ngoma! Chilumba yuko huru! Ataenda wapi? Mmoja akasema Tandahimba wamemwahidi mke. Mwingine akasema hapana, ametuma mtu kwetu kuulizia shamba. Kulikuwa na Bakari, kiongozi wa washabiki wetu, mdomo wake haukuwa na mlango. Huyo kila jioni alikuwa na jipya.

“Jamani, Chilumba kanunua jogoo kijiji cha jirani,” alisema. “Mtu ananunua jogoo kwa jirani kama si anahamia huku?”

“Labda alikuwa na njaa,” Saidi akajibu.

Watu wakacheka, lakini walimcheka Saidi. Bakari akamwambia, “Wewe una wivu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akija Majimengi, wewe utatushikia moto wa kukaushia ngozi.”

Kaka yangu akasema tu, “Akija nitampisha.” Nikamwona alivyoutazama msondo wake. Roho iliniuma, lakini na mimi nilikuwa namtaka Chilumba. Nasema kweli yangu, nani hataki kushinda?

Tukatunga na wimbo. Tuliuimba tukishuka bondeni na tukipanda, tukauimba kwenye kutwanga, watoto wakauimba wakiwinga ndege:

Maji yaja, maji yaja,
maji yapanda mlima!
Mliotucheka mwaka jana,
mwaka huu mtazama!

Mnanikodolea macho. Naam, ndiyo. Na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa vita vya maji. Huko magharibi na kaskazini watu walikuwa wameshaanza kupewa maji ya dawa, wakiambiwa risasi ya Mdachi haitawaingia. Kwetu habari ilifika kwa minong'ono tu, na minong'ono ya vita haikutushughulisha. Tulikuwa na ngoma yetu. Nikiwaza sasa ujinga ule, mwili unanisisimka.

Bibi yetu mzaa mama, Abiti Mkwanda, ndiye pekee aliyesimama njiani kutuzuia. Tulikuwa tunapanda na mitungi, tunaimba, akauweka mkongojo wake katikati ya njia.

“Nyamazeni! Huo wimbo mwaka huu si wa kuimbwa. Neno moja likiwa na maana mbili, msikilizaji ndiye anayechagua, si msemaji.”

“Bibi, ni ngoma tu,” tukamwambia.

“Ngoma ipi? Mgeni hajafika, hamjui kama anakuja, mmeshamvua mwenyeji nguo mumvike yeye. Usiache mbachao kwa msala upitao. Na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Haya, pigeni kimya mpite.”

Tukapiga kimya. Tulipofika kwenye kona, mwenzangu mmoja akaanza tena kwa sauti ndogo, sote tukadakia, tukacheka mpaka maji yakatumwagikia mabegani. Bibi alitusikia. Hakutufuata.

Ikafika siku ya ngoma. Uwanja ulijaa tangu jua la asubuhi. Wageni walikuja, wapinzani walikuja, na wote walikuwa na swali moja: yupo, hayupo? Bakari alikuwa amevaa kanzu ya kuazima, anapita huku na huku akisema, “Subirini, subirini.” Saidi aliketi kando na msondo wake, ameukausha vizuri motoni kama kawaida yake, hakuna aliyempa hata kigoda.

Mara vumbi likaonekana kwenye njia ya Newala. Bakari akaruka juu. “Huyooo! Si niliwaambia? Maji hayooo!” Lo, vigelegele! Tukaushika wimbo kwa pumzi zote, maji yaja, maji yaja, tukakimbilia njiani kumpokea.

Alikuwa yeye kweli. Alikuja Chilumba, mwanangu, na kamba shingoni.

Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma, na pande zote mbili walikuwa askari wa Mdachi na bunduki. Mbele yao alitembea ombasha, mkubwa wao, mtu mrefu, kofia yake nyekundu. Wimbo ulitufia mdomoni. Mwanamke mmoja karibu yangu alidondosha mtungi ukavunjika, na hakuna aliyegeuka kutazama.

Ombasha akasema Kiswahili cha kambini, “Mnaimba nini? Imbeni tena. Akida amesikia, bondeni wanaimba, mlimani wanaimba, maji yaja, maji yaja. Mwenye maji tumemkamata njiani. Na dawa yake hii hapa.” Akainua kibuyu kidogo.

Kilikuwa na mafuta ya mbarika, ya kulainishia ngozi ya ngoma. Kila mtu uwanjani alijua. Nilimtafuta Bakari kwa macho, Bakari wa lisemwalo lipo; alikuwa amechuchumaa nyuma ya wanawake, kanzu ya watu kaipandisha magotini tayari kukimbia.

Chilumba akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, “Jamani, waambieni. Mimi nilikuwa nakwenda Mkomaindo kwa mama yangu, mgonjwa, njia inapita huku tu. Hapa kwenu sikuwa naja. Nani aliwaambia naja?”

Hakuwa anakuja! Wimbo wote ule, jogoo, shamba, hakuwa hata na wazo la kutujia. Tulimtungia safari mtu aliyekuwa anakwenda kumuuguza mama yake, na safari yetu hiyo ya uongo ndiyo iliyomtia kamba.

Hapo kaka yangu akainuka. Akasogea mpaka mbele ya ombasha, akainamisha kichwa. “Shikamoo, bwana.” Ombasha hakuitikia marahaba. Saidi akaendelea, “Huyu si mtu wa vita. Ni mpiga ngoma. Maji ni jina lake la ngoma. Huku mlimani hatuna maji, ndiyo maana mtu akitufurahisha tunamwita hivyo.”

Ombasha akacheka. “Mpiga ngoma? Haya, apige.”

Wakamfungua kamba za mikono, wakamsukuma mbele ya msondo wa Saidi. Niliiona ile mikono. Ilikuwa imevimba, vidole havikunjiki, rangi yake imegeuka. Chilumba akaiweka juu ya ngozi, akapiga. Ikatoka sauti ya mtu anayepiga gunia. Akajaribu tena huku machozi yanamtoka. Majimengi, aliyetushinda miaka yote ile, hakuweza kupiga hata ngoma ya watoto.

“Mpiga ngoma!” ombasha akasema, na askari wake wakacheka.

“Mikono yake imekufa ganzi, bwana,” Saidi akasema. “Ngoja nikuonyeshe mimi. Utaona mwenyewe kwamba ni ngoma, ni mchezo tu.”

Akaketi, akaushika msondo. Akapiga.

Sijui niwaambieje. Labda ni hofu iliyomfungua, labda siku zote alipiga vile na sisi tulikuwa tunapiga soga. Ule msondo ulisema. Ulipanda, ukashuka, ukatuingia mgongoni. Wapinzani wetu walisogea mbele wamesahau bunduki. Nikamtazama Chilumba, naye alikuwa amemkazia macho kaka yangu, mdomo wazi. Kisha Saidi akafika pale mahali pa wimbo, pale mpigaji anapouita uwanja uitikie, na vinywa vyetu vikafunguka vyenyewe. Wanawake, wanaume, watoto, na mimi. Tulimwitikia Saidi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kwa sauti moja, uwanja mzima:

Maji yaja, maji yaja!

Saidi akaacha kupiga. Alinitazama mimi. Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Ombasha hakuwa anacheka tena. “Kumbe ni wewe,” akamwambia. “Yule hata kupiga hajui. Wewe ndiye unayewaita, nao wanakuitikia.” Akawaashiria askari. Ile kamba wakaivua shingoni mwa Chilumba, wakamvika kaka yangu.

Mama yangu alipiga ukelele mmoja akaanguka. Abiti Mkwanda alishika miguu ya ombasha, bibi wa watu, mvi kichwa kizima, akasukumwa vumbini. Wanaume wetu waliosifu ngoma kila jioni walitazama chini. Saidi alipopita mbele yangu akasema, “Fatu, mwangalie mama,” basi. Wakashuka naye kwenye njia ya Lindi. Tuliambiwa baadaye kwamba walimnyonga huko bomani pamoja na watu wa vita, watu ambao hakuwajua hata kwa sura. Hatukupewa mwili. Mama hakupata hata kaburi la kulilia.

Vita vikapita, na njaa ikapita, nayo iliua wengi kuliko bunduki. Siku moja Chilumba akaja kijijini, mikono imepona. Safari hiyo alikuja kwa miguu yake, hakuna aliyemwimbia. Alikwenda kwa mama, akamshika miguu, akalia naye mchana kutwa. Alipotoka, akina Bakari walikuwa wameshajikusanya nje. Mnaona hayo? Walikuwa na uso wa kumwomba akae, awe mpigaji wetu!

Chilumba akawatazama mmoja mmoja. Akasema, “Mlikuwa na Saidi. Mimi mlinitakia nini?”

Akashika njia akaenda zake. Mimi ambaye leo ni bibi kizee, bado sijapata jibu lake.

Sasa sikilizeni, wanangu, na wewe usichezee hicho kijiti, nitazame. Siwakatazi kushabikia. Ujana bila ushabiki ni mboga bila chumvi. Ila mtu asiyewaambia anakuja, msimseme kwamba anakuja. Hamjui anakwenda kwa mama yupi mgonjwa, wala hamjui nani anayesikiliza maneno yenu akayapa maana yake mwenyewe. Mdomo huponza kichwa, na mara nyingi kichwa chenyewe si cha mwenye mdomo. Na aliye wenu, anayewafaa kila siku bila kujigamba, mwitikieni sasa. Mwitikieni kwa sauti yote angali uwanjani, angali anasikia. Msingoje mpaka siku ambayo kumwitikia kutakuwa ndiko kumzika.

Mungu awalinde na ndimi zenu kabla hajawalinda na maadui. Awape mikono yenye kazi, na watu wa kuithamini. Asimfanye yeyote kati yenu kuijua thamani ya ndugu yake kwa kamba. Amina. Haya nendeni, na mkimkuta yule kijana wenu njiani, mwamkieni vizuri.