Kidole cha Mama Nsimire

Wasomi wa Goma wanasema mgombea Magloire alipata kura kwa sababu ya hotuba. Uongo! Waje huku mtaani Mapendo wamuulize jirani yangu Mama Nsimire, mjane anayekaanga mandazi mbele ya mlango wake.

Mwaka ule wa uchaguzi mtoza kodi mmoja, Bashige, alikuja akasimama mbele yake. "Mama, otorizasio, kibali cha kuuza hapa, iko wapi?" Kabla hajajibu, akaipiga teke mbabula yake, jiko la makaa. Mafuta ya moto yakamrukia, kidole chake cha shahada kikaungua vibaya.

Kampeni ikafika. Wagombea wakagawa vitenge na chumvi. Magloire akaja mikono mitupu. "Sina cha kuwapa, mama zangu," akasema. "Lakini mutu akipika mbele ya mlango wake, serikali inatafuta nini pale? Wanaopiga teke mbabula zenu, mimi nitawafukuza kazi."

Nsimire hakusikia kingine.

Kesho yake Bashige mwenyewe akaleta kitenge cha bosi wake, ambaye naye aligombea. Meno yote nje! Nsimire akakipokea kwa mikono miwili. "Aksanti, papa." Akakifanya tambara la kupangusia karai.

Siku ya kura aliigusa picha ya Magloire kwenye mashine ya kupigia kura kwa kidole kile kile chenye kovu, kikapakwa wino. Nje akamkuta Bashige amevaa shati la kitenge kama kile cha bosi wake. Akamwinulia kidole mbele ya macho.

"Papa Bashige, unakikumbuka? Leo kimepona."