Mume wa Nyuma ya Pazia

Jirani yangu, fundi cherehani tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, ndiye aliyeniletea habari kwamba Mama Kadi ameolewa kimyakimya. Mume mwenyewe mzee tena mgonjwa, amefichwa nyuma ya pazia la duka lake la kuchapa kadi. Redio alimsikia mama wa watu akibembeleza: amka taratibu, usijichoshe, leo kazi ni kidogo.

Nami nilikuwa na safari ya huko huko, maana wifi yangu anaolewa na kadi za mwaliko hazijachapwa. Nikambeba mwanangu mgongoni, flashi yenye majina ya wageni nikaifunga kwenye pindo la nguo.

Dukani nilikuta watu wameegemea kaunta, shingo zimerefuka kuelekea pazia. Mama Kadi, miwani imefungwa uzi, alikuwa akipokea oda na kujifanya haoni. Nilipotoa flashi akaniambia hiyo haivuki pazia. Mtoto akaanza kulia, basi akanivuta ndani nikamnyonyeshe.

Mume nikamwona. Kompyuta ya kizamani, kisogo kimebenuka, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, feni inakoroma kama mtu aliyeshiba.

Nilipomweleza maneno ya Redio alicheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akanieleza. Programu inayoiendesha hiyo kompyuta imezeeka, na wenye kuitengeneza wametangaza kwamba hawatailetea tena kinga ya virusi wanaozuka kila leo. Kwa hiyo kaing'oa kwenye mtandao, na flashi za watu, ambazo hujui zimelala wapi, haziigusi. Hilo halikunisumbua kulielewa. Mtoto asiye na chanjo humpeleki kwenye msongamano.

Nikamuuliza kwa nini asinunue mpya. Kumbe anayo, ndogo ya kukunja, mwanawe kamletea. Flashi inazifungua vizuri, ila maua ya Mama Kadi imeyakataa. Fundi wa kompyuta alihangaika nayo, ikatoa viboksi vitupu. Na maua yale, aliyoyachora mwenyewe miaka na miaka, ndiyo yanayowaleta watu. Bila hayo, kadi zake ni kama za yeyote.

Alipoanza kuzikataa flashi, wateja walinuna wakavuka barabara kwa mwenzake. Duka likapiga miayo. Alikuwa anafikiria kufunga, ndipo Redio akamwoza. Sasa wanaokuja kuchungulia wanaona aibu kuondoka mikono mitupu, wanaagiza kadi.

Tatizo likawa kuzimaliza. Majina anayasoma kwenye mpya, anayapiga upya kwenye mzee, na macho yake yanaruka mistari. Juzi bibi harusi mmoja alitoka kwenye kadi na jina la mama mkwe wake.

Nikacheka. Mama Kadi akayahamishia majina ya flashi yangu kwenye ile mpya huko kaunta, akarudi nayo ndani; nikainamia kioo chake na kuanza kumsomea mwanangu majina ya wageni, kumtuliza tu. Mama Kadi akanisikiliza.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Nimeishia la saba, mama."

"Majina ya watu hayataki zaidi ya hapo." Akanisogezea kigoda, akaweka vidole tayari. "Basi mwanangu, keti uwe unanisomea, mimi nipige. Ila soma kwa kunong'ona. Wale wa nje wakikusikia, watajua humu hamna mume, mna kazi tu."