Ukuta wa Injinia

Mama Redio, jirani yetu asiyepitwa na jambo, ndiye aliyetupasha habari tukiwa bombani: Injinia kachanganyikiwa.

"Nimemwona kwa macho yangu haya. Anagusa ukuta, anasema 'imefungwa'. Anagusa tena, 'imefunguliwa'. Jamani, ukuta wenyewe hauna hata dirisha!"

Wenzangu walicheka, mimi moyo ukaniuma. Mke wa Injinia, tunayemwita Bibi, ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa na mtoto mchanga, akanifundisha kumwogesha bila kutetemeka. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikachukua beseni lao nililokuwa nimeazima, nikaenda kupiga hodi.

"Karibu, mwanangu," Bibi akaitikia. "Baba yako yuko kazini." Akacheka, akanionyesha ukuta.

Ulikuwa umebandikwa karatasi, juu mpaka chini, zenye picha za mishale na swichi. Injinia alikaa mbele yake, kitabu kinene mapajani, shati limenyooshwa kama anasafiri.

Akanieleza polepole. Ndege kubwa za zamani zilikuwa na kiti cha tatu, nyuma ya marubani wawili. Ndipo alipokaa yeye, akiangalia mafuta, umeme na hewa. Zikaja ndege mpya zisizo na kiti hicho, naye akarudi nyumbani. Sasa kampuni moja ya mizigo bado inarusha ndege ya zamani, na inamtaka. Ila kwanza ajaribiwe, Jumatatu, ndani ya chumba kilichotengenezwa kama ndege.

"Nikifeli, kiti anakaa mwingine," akasema. "Kwa umri huu sitaitwa tena."

Kile kitabu kinataka watu wawili. Mmoja anasoma, mwenzake anagusa na kujibu. Hakuna kushuka mstari wa chini kabla wa juu haujajibiwa, hata kama mtu amekimeza chote. Zamani Bibi ndiye alikuwa msomaji wake nyumbani. Siku hizi macho ya Bibi yameingia ukungu, na Injinia anajisomea na kujijibu mwenyewe, anaruka mistari wala hajui.

Bibi akanisogezea kitabu.

"Mimi nimeishia shule ya msingi," nikasema. "Na hiki ni Kizungu."

"Herufi ni zilezile," Injinia akasema. "Tamka utakavyo. Nimeruka na marubani waliotamka vibaya kuliko wewe, na tulifika."

"Hata mimi nilikuwa nasoma kama nafukuza kuku," Bibi akadakia.

Tukaanza. Nasoma, anagusa, anajibu. Sauti yake ikakaza, mgongo ukanyooka, na kila nilipobabaika kwenye neno yeye alingoja, hakunicheka. Ukurasa wa kwanza ukaisha salama, wa pili pia. Mwanangu akasinzia mgongoni.

Tukafika ukurasa wa injini kushika moto. Katikati yake Injinia akakwama. Mkono ukabaki hewani, ukienda huku na kule, macho yanatafuta ukutani. Jibu lilikuwa mbele yangu, limechapwa upande wa kulia wa mstari. Nilishindwa kumtazama anavyohangaika. Nikamnong'oneza.

Akagusa pale pale panapotakiwa, lakini hakujibu. Akashusha mkono.

"Umeshamtafunia," Bibi akasema kutoka kitandani alikokaa.

Nikadhani nimemuudhi, nikaanza kukifunga kitabu. Injinia akanizuia kwa kiganja, kisha akaugeukia tena ukuta wake. Mkono aliounyanyua safari hii ulikuwa umetulia.

"Una moyo mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini Jumatatu hakuna wa kuninong'oneza, na kule juu ndiyo kabisa. Turudi mwanzo wa ukurasa. Uje kila asubuhi mpaka siku yenyewe, mtoto na alale hapo na Bibi. Ila nikikwama, nyamaza. Hata ukiniona natoka jasho, nyamaza, niache nilitafute jibu mwenyewe. Utaniwezea hilo?"