Kilichomo Glasini

Marhoon wa mtaa wa Ansab kazi yake ni vyombo vya jukwaani kwenye nyumba ya opera: viti, vinara, panga za mbao. Miaka minane mamake, Bi Nunu, alimwombea dua kwa kazi hiyo, mpaka jirani yao Rahila, mwanamke asiyeweka neno tumboni, alipomwonyesha video kwenye simu. Watu wamejipamba, wameinua glasi nyekundu, wanaimba Kitaliano. "Wimbo wa ulevi huo, Bi Nunu. Na anayejaza glasi ni Marhoon wako, mtazame!"

Basi! Bi Nunu akasusa. Alkhamisi kabla ya adhuhuri alitakiwa afike na kitambulisho chake kuandikishwa safari ya basi kwenda Umra, zawadi ya mwanawe, naye kasema hendi. "Niende Makka kwa riziki ya mvinyo? Astaghfirullah!" Marhoon akaapa kwamba hamna tone la ulevi. "Hata walevi huapa," akajibiwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, hali, halali. Mamake ana themanini na tatu. Mwaka ujao nani aujuaye?

Alkhamisi asubuhi akambembeleza aje mazoezini, na bibi akakubali kwa shingo upande. Akakalishwa safu ya mbele. Waimbaji wa Kitaliano wakaingia na glasi zao, wimbo ule ule ukapamba moto, tunywe, tupendane, ujana haukawii kupita. Bi Nunu kajifunika uso kwa buibui, lakini mguu wake, mimi simo, ulikuwa unafuata ngoma.

Ulipokwisha, Marhoon akaipokea glasi moja kwa mwimbaji, akampa mamake. "Nusa, mama. Onja."

Akanusa. Akalowesha ulimi. Akakunja uso.

"Choya hii!"

"Choya, mama. Nnanunua maua yake makavu sokoni Hamriya, nnachemsha mwenyewe."

"Na sukari iko wapi? Unawanywesha watoto wa watu uchachu huu, huna haya?"

"Sukari inawaganda kooni, hawawezi kuimba."

Bi Nunu akacheka mpaka akalia, akamkumbatia mwanawe mbele ya Wataliano wote, hamwachii. Kisha Marhoon akatazama saa, akashtuka. "Haraka, mama, tupite nyumbani tukachukue kitambulisho chako!"

"Nyumbani kufanya nini?" Bi Nunu akafungua mkoba, akakitoa. "Nnacho tangu asubuhi. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu isiwe mvinyo."