Karatasi Sita za Dua Yangu

Jumanne, tarehe 4 Novemba, mimi mjane wa miaka hamsini na minane nilifanya mtihani wa Historia wa kidato cha nne huko Sigor, Mwislamu pekee chumbani. Swali la kwanza likanishinda. Nikafumba macho, nikainua viganja: "Mola wangu, nizidishie elimu." Msimamizi, akidhani naomba karatasi, akaniletea.

Kila nilipoomba dua, alileta nyingine. Ningekataa, lakini msichana mmoja alinong'ona, "Huyu kogo anaandika kitabu kizima!" Kogo, yaani bibi mzee, ndiye mimi; kiburi kikanipanda. Kila karatasi nikaiandikia jina na tarehe, kwa mwandiko mzuri.

Muda ulipokwisha, msimamizi alizifunua zote sita mbele ya watahiniwa.

"Mama, tarehe ninaiona. Majibu yako wapi?"